Kusafisha na Kukagua Bunduki ya SAR

Somo la redio kwa watu wazima, kama lilivyosomwa hewani

Natumaini mmekwisha kaa vizuri, na kiongozi wa kila kikundi ana kalamu na karatasi tayari.

Leo tutazungumza juu ya kazi ambayo wengi huiona ni ya mikono tu, kumbe ni ya akili pia. Kazi hiyo ni kusafisha na kukagua bunduki. Huenda mmoja wenu akauliza, "Mwalimu, bunduki na elimu ya watu wazima vinahusiana nini?" Vinahusiana sana. Katika vikundi vyetu wamo mgambo, wamo walinzi wa maghala, wamo askari wa wanyamapori. Hawa hushika silaha kwa kazi halali. Wamo pia wake zao, waume zao na watoto wao, ambao hulala katika nyumba au kambi moja na mtu huyo mwenye silaha. Tena, ndani ya kazi hii mna sayansi nyingi: mna habari za chumvi, za unyevu, za kutu na za nguvu ya gesi. Mtu akiijua sababu ya jambo, hulifanya vizuri hata pasipokuwa na mkubwa wa kumsimamia.

Nataka toka mwanzo mshike neno moja, maana somo zima limesimama juu yake. Neno lenyewe ni hili: bunduki haijulikani kwa maneno. Mtu akikwambia, "Haina risasi," hayo ni maneno. Ukijiambia mwenyewe, "Niliitoa jana," hayo nayo ni maneno. Hali ya bunduki hujulikana kwa jicho lililotazama na kidole kilichogusa, saa ile ile, mbele yako.

Kabla sijaendelea natoa onyo. Somo hili si ruhusa ya mtu yeyote kushika bunduki. Nchini Tanzania iko Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kila nchi jirani ina sheria yake. Anayepewa silaha hupewa kwa maandishi, hufundishwa na mkufunzi wake, na huirudisha ghalani. Maneno yangu ni ya kumkumbusha yule aliyekwisha fundishwa. Nawe ambaye hukufundishwa, ukiokota bunduki porini au ukiikuta ndani ya nyumba ya marehemu, usiisafishe wala usiifungue. Iache pale pale, weka mtu wa kuwazuia watoto wasiikaribie, ukawaite polisi.

1. BUNDUKI TUNAYOISEMA

Bunduki ziko za aina nyingi, na kila aina ina utaratibu wake. Nimechagua moja tu, ile ambayo Tanzania askari na magazeti huiita SAR. Jina lake la asili ni SKS. Aliyeibuni ni Mrusi, Sergei Simonov, na muundo wake ni wa mwaka 1945. Warusi walianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1949, na mwaka 1956 Wachina wakaanza kutengeneza ya kwao, wakaiita Aina ya 56. Wapiganaji wa FRELIMO, ambao walikuwa na kambi Kongwa na Nachingwea, waliitumia katika vita vya kuikomboa Msumbiji, vya mwaka 1964 hadi 1974. Ni bunduki ya siku nyingi, na iliyo nyingi imekwisha pita katika mikono ya watu wengi. Kitu kilichopita mikono mingi hutaka kukaguliwa zaidi, kama baiskeli ya kununua kwa mtu.

Ina urefu wa mita moja na kidogo, na uzito wake bila risasi hukaribia kilo 4. Magazini yake imeshikamana na bunduki, nayo huchukua risasi 10 zenye unene wa milimita 7.62. Risasi hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 735 hivi kwa sekunde moja. Kilengeo cha nyuma kimeandikwa tarakimu mpaka mita 1000, na risasi yaweza kufika mbali kuliko hapo. Kwa hiyo risasi iliyotoka kwa bahati mbaya haiishii chumbani mwako. Ukuta wa udongo, mlango wa mbao au bati havitaizuia. Yaweza kumkuta jirani aliyeketi jikoni kwake, wala hana habari kuwa unasafisha bunduki.

Sasa sikilizeni namna inavyofanya kazi. Wazee waliotumikia KAR wanaikumbuka bunduki ya zamani ya .303. Ile, ukipiga risasi moja, lazima uivute bolti kwa mkono wako ndipo ganda litoke na risasi nyingine iingie. Bolti ni kile kipande cha chuma kiendacho mbele na nyuma, kinachofunga mlango wa mtutu. Katika SAR mkono wako hauna kazi hiyo. Baruti ikiwaka huleta gesi nyingi yenye nguvu. Gesi hiyo huisukuma risasi, na sehemu yake kidogo hupenya katika kitundu kilicho juu ya mtutu, ikaisukuma pistoni. Pistoni huirudisha bolti nyuma, ganda tupu likarushwa nje. Kisha springi huileta bolti mbele tena, nayo hupakia risasi mpya njiani na kuiingiza katika chemba, yaani kile chumba kilicho nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kulipuka. Yote hayo hutukia kabla hujapepesa jicho.

Mnaona hatari iko wapi? Bunduki hii hujipakia yenyewe. Mtu amepiga risasi moja, akaona ganda limeruka nje, moyo wake ukamwambia kwamba sasa chemba ni tupu. Sivyo. Ikiwa magazini bado ina kitu, chemba imekwisha jaa tena.

2. KUITOA RISASI

Kazi ya kusafisha haianzi na mafuta wala kitambaa. Huanza na kuitoa risasi. Chagua mahali penye nafasi, penye mwanga wa kutosha, pasipo watoto wala soga. Pombe na usingizi havipatani na kazi hii. Elekeza mtutu upande ambao, hata ikilia, haitamdhuru mtu: kwenye kifuko cha mchanga au tuta nene la udongo. Kidole kikae nje ya kifyatulio, yaani triga, kikiwa kimenyooka ubavuni mwa bunduki. Kisha fuata utaratibu huu, wala usiruke hata hatua moja.

Kwanza, weka kizuizi cha usalama, ile wenzo ndogo iliyo nyuma ya triga. Lakini usikitegemee mno. Katika SAR kizuizi hiki huizuia triga tu. Hakiishiki nyundo wala bolti.

Pili, fungua magazini kwa chini, uzipokee risasi zote mkononi. Hii lazima itangulie. Ukianza na chemba huku magazini ina risasi, bolti itaitoa moja na kuingiza nyingine, nawe utasema umeitoa, kumbe umebadilisha tu.

Tatu, vuta bolti nyuma kabisa. Kama chemba ilikuwa na risasi, itaruka nje. Iache ianguke, usijaribu kuidaka, kwa maana ukishughulika na kudaka utausahau mtutu unaelekea wapi.

Nne, funga magazini tupu, uvute bolti tena. Itabaki nyuma yenyewe, kwa sababu sahani ya magazini isiyo na risasi huizuia isirudi. Sasa tazama ndani ya magazini, kisha tazama ndani ya chemba. Baada ya kutazama, ingiza kidole kidogo mlangoni mwa chemba, upapase. Jicho laweza kudanganyika katika giza au jua kali. Kidole hakidanganyiki upesi. Tazama mbali kidogo, kisha rudia kutazama mara ya pili kama mtu aliyefika sasa hivi.

Tano, hesabu risasi. Kama ulipewa 10, ziwe 10. Zikiwa 9, kazi yote isimame mpaka ya kumi ionekane. Kisha ziondoe mahali pale kabisa, uziweke chumba kingine au umpe mwenzako. Meza ya kusafishia bunduki isikae risasi hata moja, wala ile ya "kujaribia".

3. KUFUNGUA NA KUSAFISHA

Tandika kitambaa cheupe au gunia safi, ili kipande kidogo kikianguka kionekane. Nyuma ya bunduki, upande wa kulia, iko wenzo inayoshika kifuniko. Iinue juu, uivute kulia mpaka ikomee. Kifuniko kitatoka kwa nyuma pamoja na springi. Kizuie kwa kiganja. Vuta nje kibeba bolti, na bolti yenyewe itoke. Halafu geuza wenzo iliyo ubavuni mwa kilengeo cha nyuma, utoe bomba la gesi pamoja na pistoni iliyomo. Vipange vipande kwa mstari kwa utaratibu ulivyovitoa, ili wakati wa kurudisha uanze na cha mwisho. Kufungua kuliko hapo ni kazi ya fundi wa silaha.

Jambo la kwanza ni chumvi. Risasi nyingi za zamani zina dawa ndani ya fataki, kile kikombe kidogo kilicho kwenye kitako cha ganda, iitwayo potasiamu klorati. Dawa hiyo ikiwaka huacha potasiamu kloridi, na hiyo ni chumvi, ndugu wa chumvi ya jikoni. Nanyi mwaijua tabia ya chumvi. Iacheni ndani ya kopo wazi wakati wa masika, mtaikuta imelowa bila mtu kuitia maji. Imeyavuta maji kutoka hewani. Chumvi iliyobaki ndani ya mtutu na bomba la gesi hufanya vile vile: huvuta unyevu, na unyevu na chumvi vikikutana na chuma huzaa kutu. Pwani, kama Tanga au Unguja, ambako hewa yenyewe ina chumvi ya bahari, kutu yaweza kuonekana siku ya pili tu.

Hapa wengi hukosea. Mtu amerudi kutoka kiwanja cha shabaha, akachukua oili akaimwaga ndani ya mtutu, akaona unang'aa, akaridhika. Lakini chumvi haiyeyuki katika oili. Huyo ni sawasawa na mtu aliyejipaka mafuta kabla ya kuoga, jasho na vumbi vikiwa bado mwilini. Chumvi huyeyuka katika maji. Kwa hiyo, ikiwa risasi ulizopiga ni za namna hiyo, au hujui ni za namna gani, osha kwanza kwa maji ya moto. Yapitishe katika mtutu, katika bomba la gesi, juu ya pistoni na kwenye uso wa bolti. Maji ya moto yana faida mbili: huyeyusha chumvi upesi, na chuma kilichopata joto hukauka upesi. Kisha kausha kwa vitambaa mpaka kitambaa kitoke kikavu. Mitutu mingine imepakwa kromu ndani, nayo huzuia kutu. Lakini usilale usingizi kwa sababu ya kromu, maana bunduki si mtutu peke yake.

Jambo la pili ni moshi na masizi ya baruti. Haya hutoka kwa brashi na mafuta ya kusafishia. Fimbo ya kusafishia hukaa chini ya mtutu, na kopo lenye brashi hukaa ndani ya kitako. Katika SAR fimbo huingizwa kwa mbele, kwenye mdomo wa mtutu, kwa sababu nyuma hakuna njia. Mdomo huo ndio unaoiaga risasi. Ukikwaruzwa, risasi huenda upande. Kwa hiyo tumia kifuniko cha lile kopo: kina tundu katikati, huvishwa mdomoni ili fimbo ipite bila kusugua pembeni. Sukuma brashi mpaka itokee nyuma, kisha uirudishe. Usigeuze njia ikiwa katikati. Baada ya brashi, pitisha vitambaa safi hadi kinachotoka kiwe cheupe. Chemba nayo isugue vizuri, kwa maana chemba chafu hulishika ganda lisitoke.

Jambo la tatu ni kupaka mafuta. Oili nyembamba kama pumzi kwenye kioo yatosha. Pistoni na bomba la gesi vikae vikavu, kwa sababu mafuta yakiungua humo huwa masizi magumu. Chemba nayo iwe kavu. Katika nchi kavu yenye upepo, kama Dodoma, mafuta mengi hukusanya vumbi na kuwa kama dawa ya kusagia chuma. Huko punguza mafuta, ufute mara kwa mara. Pwani na wakati wa masika, kagua kila siku unapoikabidhi, upake tena pale ulipopagusa kwa mkono wenye jasho. Petroli usiitumie, kwa hatari ya moto. Mafuta ya taa husafisha grisi vizuri, lakini mbali na jiko na sigara, na lazima yafutwe yote, kwa maana hayazuii kutu.

4. PINI INAYOELEA

Sasa nafika mahali ambapo nawaomba mtege masikio. Ndani ya bolti mna pini nyembamba ya chuma. Ukivuta triga, nyundo huigonga pini kwa nyuma, pini huigonga fataki, na baruti huwaka. SAR za mwanzo za Kirusi zilikuwa na springi ndogo ya kuirudisha pini nyuma. Baadaye springi hiyo iliondolewa. Kwa hiyo katika SAR nyingi pini huelea tu ndani ya tundu lake, ikienda mbele na nyuma.

Pini safi haina neno. Lakini bunduki iliyokaa ghalani miaka mingi hupakwa grisi nzito ili isipate kutu, na grisi hiyo hupenya ndani ya tundu la pini ikagandamana. Au masizi na kutu hujaa humo. Ndipo pini hukwama, ncha yake ikiwa imetokeza mbele. Mtu ameifuta bunduki nje, inapendeza, akatia risasi 10, akaiachia bolti irudi mbele. Bolti inapofunga kwa nguvu, ncha ile huipiga fataki. Bunduki hulia, wala hakuna aliyegusa triga. Gesi huirudisha bolti, risasi ya pili hupanda, nayo hulia, na ya tatu, na yaweza kuendelea hadi magazini iishe. Kizuizi cha usalama hakisaidii kitu, kwa maana tulisema huizuia triga tu, na hapa triga haimo katika habari.

Ukaguzi wake hautaki chombo chochote. Shika bolti mkononi, uitikise karibu na sikio, kama mnunuzi wa nazi anavyoitikisa asikie maji. Lazima usikie pini ikicheza ndani: tik, tik. Kisha sukuma mkia wa pini kwa kidole, ncha itokeze kwenye uso wa bolti. Sasa geuza bolti, uso utazame juu. Ncha lazima irudi ndani kwa uzito wake yenyewe, bila kusukumwa. Irudie mara kadhaa. Kama haisikiki, au yarudi kwa kusitasita, loweka bolti katika mafuta ya taa, itikise, ikaushe, ujaribu tena. Kama bado ni nzito, bunduki hiyo haiendi lindo. Mpelekee fundi wa silaha aitoe pini. Pini ile ina pembe, na huingia kwa namna moja. Kuirudisha vibaya ni kuleta hatari ile ile tuliyoikimbia. Na baada ya kusafisha, usitie mafuta ndani ya tundu la pini. Mafuta ya leo ndiyo gundi ya mwakani.

5. KUKAGUA

Kusafisha na kukagua ni kazi moja. Kitambaa kinapopita, jicho nalo lipite. Tazama mambo haya.

Mtutu: elekeza nyuma yake kwenye mwanga, bolti ikiwa imetolewa, utazame ndani. Lazima uone duara kamili na michirizi inayozunguka. Hakikisha hakuna kitu kilichobaki: kitambaa, tope, au udongo wa nyigu, ambao hupenda kujenga katika tundu lolote lililotulia. Mtutu ulioziba hauwezi kupitisha risasi na gesi yake, nao huweza kupasuka mbele ya uso wa mpigaji. Ukiona uvimbe au pete nyeusi ndani, bunduki isitumike.

Bolti: tazama ile kucha inayolivuta ganda kama haijavunjika. Soma namba. Wenzetu husafisha bunduki kumi juu ya turubai moja, na mwisho bolti ya huyu ikaingia katika bunduki ya yule. Zote hufanana na zote huingia. Lakini kila bolti ililinganishwa na chemba yake, na ikihamishwa, nafasi iliyo kati yao yaweza kuwa kubwa mno, ganda likapasuka na gesi ikamrudia mtu machoni. Basi kila mtu asafishe yake, amalize, ndipo mwingine aanze. Kama namba hazipatani, mwulize fundi; yeye ana vipimo.

Magazini: ikifungwa ishike sawasawa. Mbao: tazama kama kitako kimepata ufa. Vilengeo: visicheze.

Baada ya kuirudisha bunduki yote, ijaribu ikiwa tupu, baada ya kutazama chemba tena. Rudisha bolti mbele. Weka kizuizi cha usalama, uvute triga: nyundo isianguke. Ondoa kizuizi, uvute: nyundo ianguke, ko! Endelea kuikaza triga, huku mkono mwingine ukivuta bolti nyuma na kuiachia kwa kuisindikiza. Nyundo isianguke. Sasa iachie triga, uivute upya: nyundo ianguke mara moja tu. Hiyo ndiyo alama ya bunduki ya namna hii iliyo nzima, kwamba kila mvuto mmoja huleta pigo moja. Ikifanya kinyume katika jambo lolote kati ya hayo, ifungie karatasi iliyoandikwa MBOVU, uirudishe ghalani, uandike daftarini. Usimwambie mwenzako kwa mdomo tu, kwa maana zamu ya usiku hubadilika, na maneno hupotea.

6. ADABU YA KUPOKEANA BUNDUKI

Limebaki jambo moja, nalo si la chuma. Ni la watu. Sisi tumelelewa kumheshimu aliyetutangulia. Mzee mlinzi anamaliza zamu alfajiri, anampa kijana bunduki na kusema, "Chukua mwanangu, haina kitu." Kijana anaona haya kuifungua mbele yake. Anafikiri, nikiitazama chemba, mzee atasema namwita mwongo. Basi anaitundika ukutani, au anaanza kuisafisha kwa kulitegemea neno la mzee. Na mzee hakusema uongo; alisema alivyoamini. Lakini alikesha usiku kucha, na mtu aliyekesha husahau.

Ndugu zangu, hebu tuigeuze adabu hii ikae mahali pake. Muuza duka akikupa chenji, huihesabu mbele yake, wala haoni umemtukana. Tena yeye mwenyewe hukuhimiza uhesabu. Bunduki ni zaidi ya chenji. Nanyi wazee ndio mnaoweza kuwaondolea vijana haya. Mzee asimpe kijana bunduki iliyofungwa. Aitoe risasi, aiache bolti nyuma, amwonyeshe chemba, aseme, "Tazama, nawe utie kidole." Kijana naye aseme, "Nimeona, shikamoo mzee," ndipo aipokee. Aliyepokea atazame tena hata kama aliona mwenzake akitazama. Mkubwa wa kikosi afanyiwe vile vile, na akiwa mkubwa wa kweli atafurahi.

Na nyumbani, wewe mama au baba ambaye mwenzako amerudi na silaha kwa ruhusa ya kazi, una haki ya kuuliza, "Iko tupu? Risasi umeziweka wapi? Imefungiwa?" Si maneno ya kumdharau. Watoto wafundishwe mambo matatu: wakiona bunduki, wasiiguse, waondoke pale, wamwambie mtu mzima. Wala wasiambiwe kamwe kwamba "hii haina kitu" ili waishike kidogo, kwa maana siku nyingine wataikuta yenye kitu, na wao watakumbuka maneno.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

Zima redio sasa, au weka kijitabu chini, mzungumze maswali haya. Kiongozi aandike majibu.

1. Kwa nini lazima magazini ifunguliwe kabla ya kuvuta bolti? Ukigeuza utaratibu huu kutatokea nini?

2. Mtu amepaka oili ndani ya mtutu mara baada ya kupiga shabaha, na siku ya tatu akakuta kutu. Mwelezeni sababu.

3. Utajuaje kwamba pini ya bolti inacheza? Kwa nini kizuizi cha usalama hakiwezi kuizuia bunduki yenye pini iliyokwama?

4. Katika kijiji au kazini kwenu, bunduki hupokewa namna gani wakati wa kubadilisha zamu? Mpokeaji hutazama chemba? Kama hatazami, nani ataanza kubadilisha desturi hiyo, na lini?

Swali la nne ndilo kubwa. Matatu ya kwanza mtayajibu kwa kukumbuka niliyosema. La nne litajibiwa kesho alfajiri, zamu itakapobadilika. Kwaherini, na nawatakia kazi njema yenye usalama.